Ruhusa ya mstari mmoja haitoshi kuwinda kwenye shamba la mtu

Mhariri,

Kiangazi kikishika, nyasi zikikauka na maji yakabaki kwenye mabwawa ya kunyweshea tu, barua za ruhusa ya kuwinda huanza kuzunguka huku Nyabushozi, kusini-magharibi mwa Uganda. Nyingi ni za mstari mmoja: "Namruhusu fulani awinde katika shamba langu." Chini yake sahihi, pembeni muhuri wa LC1 (baraza la kijiji), basi. Anayeibeba hujiona amekamilika. Tunaandika kwa sababu barua ya namna hiyo humtia matatani aliyeitoa kuliko aliyeipewa. Haisemi mnyama gani, siku gani, watu wangapi wala silaha gani, na mara nyingi imetiwa sahihi na mtu ambaye ardhi si yake.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Ardhi ina mwenyewe, lakini mnyama aliye juu yake si wa mwenye ardhi. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaweka wanyamapori mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Pundamilia anaweza kulala kando ya zizi lako miaka mitano, akala nyasi za ng'ombe wako na kunywa maji uliyochimba kwa fedha zako, na bado huna mamlaka ya kumwambia mtu "mpige huyo." Ulicho nacho ni lango. Unaweza kulifungua au kulifunga. Haki ya kuwinda inatoka kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, yenye makao yake Kamwokya, Kampala. Sheria imezigawa haki za kutumia wanyamapori katika madaraja, na daraja A ndilo la uwindaji. Juu ya hiyo kuna cheti cha silaha kinachosimamiwa na polisi. Kwa hiyo mwindaji anatakiwa awe na karatasi tatu: ya mnyama, ya bunduki na ya ardhi. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya nyingine, na mwenye shamba ana haki ya kuziona mbili za kwanza kabla hajatoa ya tatu.

Wengi husahau kwamba uwindaji wa kulipia ulifungwa nchini tangu 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 hapahapa, kwenye mashamba ya watu kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo. Uliletwa kwenye mashamba kwa sababu ya wazi: hifadhi ilipotangazwa mwaka 1983 wanyama hawakusaini mkataba wa kubaki ndani. Wakati wa kiangazi hutoka nje, na mfugaji aliyewabeba bila malipo huwaona ni wanyama waharibifu tu. Utaratibu uliowekwa ni wa mgao: UWA hupanga wanyama wangapi wa kila aina watolewe, kampuni yenye mkataba huleta mwindaji, na wenye ardhi hupata sehemu ya ada. Mtu anayekuja peke yake na gari, bunduki na maneno matamu, akisema "UWA wanajua," aulizwe mgao wake uko wapi, na mhifadhi wa eneo apigiwe simu hapohapo akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kwa spishi zilizo katika hatari ya kutoweka, adhabu hufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Hutaki jina lako liwe chini ya barua inayohusika na jambo hilo.

Kuna jambo jirani ambalo wakulima huchanganya na uwindaji. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu wakivamia mahindi na mihogo, njia si kutafuta mwindaji wa barabarani. Kudhibiti wanyama waharibifu ni kazi ya wilaya kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Nenda kaunti ndogo, andika malalamiko yenye tarehe, zao lililoliwa na ukubwa wa eneo, uombe askari wa wilaya wa wanyama waharibifu. Huyo naye, ingawa ametumwa na serikali, anapaswa kukujulisha anaingia lini na anatokea upande upi.

Sasa tuje kwa swali ambalo ndilo gumu kuliko yote Uganda: mwenye ardhi ni nani?

Katiba ya 1995 inataja njia nne za kumiliki ardhi, nazo ni ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya kukodi. Kila moja inataka ombi la namna yake. Kwenye ranchi za huku kwetu mara nyingi mwenye hati anaishi Mbarara au Kampala, na unayemkuta ni meneja au mchungaji mkuu. Meneja anaweza kukufungulia lango kwa nia njema kabisa, kisha mwenye mali akaja Jumamosi akasikia milio ya bunduki karibu na ng'ombe wake. Meneja atafukuzwa, wewe utashtakiwa kwa kuingia bila idhini. Dawa ni ndogo: mpigie mwenye hati mbele ya meneja, weka sauti juu, kisha omba athibitishe kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Ujumbe huo usiufute.

Buganda ni kazi zaidi. Kwenye ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa 1900, mwenye hati ni mmoja lakini juu ya ardhi kuna wenye vibanja (wakaaji wenye sehemu zao juu ya ardhi hiyo) wanaolipa busuulu (ada ya mwaka kwa mwenye hati) na wanaolindwa na sheria. Nakasongola, Nakaseke, Mpigi, ni hivyohivyo. Ukipata idhini ya mwenye hati peke yake utakanyaga mihogo ya watu ambao hawajakusikia, na ukipata ya mwenye kibanja peke yake mwenye hati atasema umeletwa kuwatisha watu wake. Migogoro ya mwenye hati na wenye vibanja ni mikali, na mgeni mwenye bunduki akionekana katikati yake huhesabiwa upande mmoja hata kama alifuata ngiri tu. Omba kwa wote wawili. Kama wako mahakamani, acha kabisa, tafuta shamba jingine.

Ardhi ya kimila, kama Acholi, Lango na Karamoja, haina mtu mmoja wa kutia sahihi. Usiridhike na kijana aliyekwambia "hapa ni kwetu." Omba wazee wa ukoo wakae, na kama watu wameunda chama cha ardhi ya pamoja kama Sheria ya Ardhi ya 1998 inavyoruhusu, ombi lipelekwe kwa kamati na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Hilo huchukua wiki mbili au tatu. Anayetaka kuwinda kesho hana la kufanya huko.

Halafu kuna kinamasi. Hapa hata wawindaji wazoefu huteleza. Nzohe, ambaye watu wa Buganda humwita enjobe, anaishi kwenye mafunjo. Mwenye shamba atakuonyesha kinamasi kilicho chini ya kilima chake na kusema chote ni chake hadi ng'ambo. Sivyo. Ibara ya 237 ya Katiba inaweka vinamasi, mito, maziwa na misitu ya akiba chini ya dhamana ya serikali kwa ajili ya wananchi wote. Mwenye shamba anaweza kukuruhusu kupita kwake na kuegesha gari, lakini maji na mafunjo hana uwezo wa kukupa. Msitu wa akiba ni vivyo hivyo: mtu aliyepewa leseni ya kupanda misonobari ndani yake amepewa kupanda miti, hakupewa wanyama wala kukaribisha bunduki.

LC1 naye ana nafasi yake. Mwenyekiti na kamati yake ya watu 10 hawamiliki ardhi ya kijiji. Muhuri wao unathibitisha kwamba wanakujua, au wamemwona mwenye ardhi akitia sahihi, na hapo umekwisha. Lakini usimruke mwenyekiti. Bunduki ikilia saa moja asubuhi, yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu, na akijibu "sina habari" kijiji kitatoka na marungu kikidhani ni wezi wa ng'ombe. Pesa ya muhuri ikiombwa, omba risiti.

Na mke wa mwenye shamba? Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi. Kwa uwindaji haidai. Sisi tunashauri umwombe hata hivyo, na si kwa adabu tu. Mama ndiye aliye shambani alfajiri. Anajua nguruwe mwitu wanatokea kichaka kipi, watoto wanachota maji njia ipi, na jirani yupi ana hasira. Wanaume wawili wakikubaliana barazani bila yeye, mpango una tundu.

Jinsi ya kwenda kuomba. Nenda mwenyewe, mchana, bila bunduki na bila mbwa, wiki tatu kabla ya siku unayoitaka. Usiende wakati wa kukamua, yaani alfajiri hadi kama saa mbili asubuhi, wala siku ya mnada wa ng'ombe. Tafuta mtu anayejulikana pale akutambulishe. Kwa wafugaji mgeni asiye na wa kumtaja ni mgeni mbaya. Kaa ukikaribishwa. Ukiletewa maziwa, kunywa. Usimuulize Muhima (mfugaji wa huku Ankole) ana ng'ombe wangapi, maana swali hilo huulizwa na mwizi na mtoza kodi, na kuhesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti hakupendezi. Uliza habari ya malisho, mvua na kupe, na hapo ataona mwenyewe kama unajua unachokiongea.

Ukiwa Buganda, uliza ukoo wa mzee kabla hujataja mnyama. Mtu wa Ngabi hali pongo, wa Mbogo hali nyati, wa Njobe na nzohe, wa Nkima na tumbili, na wa Musu hata ndezi wa kwenye miwa hamgusi. Kwenda kwa mzee wa Ngabi ukamwomba uue pongo mbele ya nyumba yake ni kumtukana bila kujua. Pengine atakuruhusu ngiri bila neno.

Kisha sema wazi: mnyama gani, wangapi, kwa haki gani, siku zipi. Wanaoomba "kutembea kidogo tu" ndio wanaoharibu kwa wengine. Mwenye shamba akisema hapana, hiyo ni hapana. Usimwulize sababu, usirudi na mjomba wake. Akisema "tutaona," ni hapana ya upole.

Zawadi ni desturi. Kilo mbili za sukari, sabuni, au bora zaidi jiwe la chumvi kwa ng'ombe. Usiahidi nyama. Tunalikazia hili kwa sababu paja la nyama ndilo lililozoeleka kuliko zawadi nyingine zote, na ndilo hatari kuliko zote. Nyama ya porini ikikutwa kwenye sufuria ya mtu bila karatasi, mwenye sufuria ndiye anayeshikwa, si aliyeileta. Kama kibali chako kinaruhusu nyama igawiwe, igawiwe hadharani, mbele ya askari wa UWA aliyefuatana nawe, na iandikwe. Kama hakiruhusu, asitajiwe mtu yeyote nyama. Malipo ya fedha kwa mwenye ardhi yaandikwe kwamba ni ya kuingia na kutumia njia, na yasifungwe na idadi ya wanyama. Ukimlipa mtu kwa kichwa, umemfanya muuzaji wa kitu ambacho si chake.

Sasa barua yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha, nakala nne: mwenye ardhi, mwindaji, LC1, na kituo cha polisi cha karibu. Iwe na jina la mwenye ardhi na namba ya kitambulisho chake cha taifa, mahali ardhi ilipo (kijiji, parokia, kaunti ndogo, na kama ni mailo namba ya bloku na ploti), na anaimiliki kwa njia gani. Upande wa mwindaji: jina, kitambulisho, namba ya cheti cha silaha, namba ya kibali cha UWA na tarehe kinapokwisha, namba ya gari, na majina ya wote atakaokuja nao hadi mbeba maji. Asiyeandikwa haingii. Halafu aina ya mnyama, idadi, dume au jike. "Swala" peke yake haitoshi, kwa kuwa swala pala, pongo, kuro na tohe si mnyama mmoja, na anayekupa ruhusa ya mmoja hajakupa ya wanne.

Tarehe iwe na mwanzo na mwisho, isizidi siku 7. Ruhusa isiyo na mwisho ndiyo inayokuja kutumiwa na mtu mwingine baada ya miezi minane. Saa nazo ziandikwe. Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama saa moja jioni, mwaka mzima. Saa nzuri ni saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Risasi ya mwisho isipigwe baada ya saa kumi na mbili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mnyama akijeruhiwa unahitaji mwanga wa kumfuata. Ya pili, jioni ndama mwekundu wa Ankole aliyesimama kwenye majani marefu hafanani na kitu kingine kuliko anavyofanana na pongo.

Chini ya maneno hayo chora ramani, hata kwa kalamu ya risasi. Weka nyumba, zizi, josho, bwawa la kunyweshea, njia ya watoto wa shule, tanuri za mkaa na mipaka. Tanuri za mkaa husahaulika, na wachoma mkaa hulala porini bila mwenye shamba kujua wako wangapi. Likizo za shule ziulizwe pia: wakati huo wachungaji ni watoto, na mtoto hujilaza kwenye kivuli cha kichaka usichokitazamia. Ramani ionyeshe sehemu zisizoguswa kabisa. Kipimo chetu ni mita 500 kutoka nyumba, zizi na bwawa kwa bunduki ya risasi. Wengine hutuona waoga. Lakini marisau madogo ya kupigia kanga na kwale huanguka ndani ya mita 250 hivi, ilhali risasi ndogo ya .22 huenda zaidi ya kilomita 1, na ya .375, ile inayotumika kwa nyati, hupita kilomita 3 ikikosa cha kuizuia. Huku ni vilima na mabonde. Usipige mnyama aliyesimama juu ya ukingo wa kilima mbingu ikiwa nyuma yake. Subiri ashuke, nyuma yake pawe na udongo. Na ardhi ya mawe hurusha risasi pembeni, kwa hiyo bonde lenye mawe liwekwe alama.

Sehemu inayofuata ndiyo inayokosekana katika karibu kila barua tuliyoiona: mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka.

Hilo si jambo la nadra. Swala pala aliyepigwa nyuma kidogo ya bega anaweza kukimbia mita 400 kabla ya kulala, na ukimkimbilia mara moja ataenda kilomita. Desturi ni kumsubiri dakika 20 hadi 30 kisha kufuata damu. Sasa fikiria uzio uko mita 200. Kama jirani hakuombwa kabla, una mambo mawili mabaya ya kuchagua: uvuke na bunduki bila idhini, au umwache mnyama afe polepole kwenye ardhi ya mtu asiyejua lolote. Kwa hiyo majirani wote wanaopakana waombwe mapema sahihi ya mstari mmoja: "Naridhia kufuatwa kwa mnyama aliyejeruhiwa, baada ya kupigiwa simu." Hapa, mstari mmoja unatosha. Anayefuata aingie akiwa ametoa risasi kwenye chemba, pamoja na mtu wa jirani huyo, na silaha ijazwe tena pale tu mnyama anapoonekana.

Mpaka ukiwa ni wa hifadhi, hakuna kuvuka, hata hatua moja, hata mnyama akiwa amelala mbele ya macho yako. Simama, weka alama mahali alipopita, mwite askari wa UWA. Yeye ndiye atakayeamua. Na mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kwenye mgao kama aliyeuawa. Anayesema "hakufa, nipe mwingine" hana hoja. Nyati akijeruhiwa ni jambo jingine kabisa. Hapo wachungaji wote wa mashamba ya jirani waambiwe dakika hiyohiyo, ng'ombe wasipelekwe upande huo, na mtu asiende kichakani kuteka maji wala kuokota kuni hadi atakapopatikana. Aibu ya kukosa shabaha isikufanye ukanyamaza.

Magonjwa huulizwa na wafugaji, na wawindaji hukosa majibu. Ukanda wa ng'ombe huwekwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo mara kwa mara. Karantini ikiwepo, ulizia kwa daktari wa mifugo wa wilaya kama unaweza kuingia na kutoka, na usitoke shamba moja kwenda jingine siku hiyohiyo kwa viatu vilevile na magurudumu yaleyale. Osha tope lote, nyunyiza dawa. Kama mwenye shamba anafuga nguruwe, usipitishe ngiri wala nguruwe mwitu karibu na banda, na matumbo yasiachwe mahali nguruwe wake wanapofika: wanyama hao wa porini hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na banda zima linaweza kufa ndani ya wiki. Kupe wa ngozi ya mnyama ndio haohao waletao ndigana kali. Usichune mnyama zizini. Ukikuta mzoga uliovimba, damu nyeusi imetoka puani na haijaganda, usiuguse, usiupasue, usiwape mbwa. Dhani ni kimeta, mwite daktari. Viboko zaidi ya mia walikufa kwa kimeta kwenye Hifadhi ya Malkia Elizabeth mwaka 2004 na 2005, na watu hufa kwa kula mizoga ya namna hiyo.

Uchafu wa kuchinja ufukiwe kina cha mita 1, mbali na bwawa. Ukiuacha juu utawaita fisi, na fisi wakimaliza matumbo watageukia ndama. Mfugaji aliyepoteza ndama huweka sumu kwenye mzoga, na sumu haichagui. Simba 11 walikufa kwa sumu mwaka 2018 kule Malkia Elizabeth, na wengine 6 Ishasha, ndani ya hifadhi hiyohiyo, mwaka 2021.

Mbwa, nyavu, mitego ya waya na moto tutavipitia haraka kwa kuwa jibu ni fupi. Mtego wa waya hapana, kwa mnyama yeyote. Hukamata ng'ombe na mbwa wa mwenye nyumba kama unavyokamata kingine. Kuchoma nyasi ili kufukuza wanyama hapana. Sheria ya kuzuia uchomaji wa nyasi ipo tangu 1974, na moto wa Januari haujui mpaka wa migomba. Mbwa wawe wamechanjwa kichaa cha mbwa, cheti kionyeshwe, idadi iandikwe kwenye barua, na waingie na kutoka wakiwa wamehesabiwa. Mbwa aliyepotea shambani kwa mtu hugeuka mla mbuzi.

Milango. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, kwa sababu pengine ng'ombe wanalipitia kwenda majini. Usikate waya. Ukiukata kwa bahati mbaya, usifunge kwa kamba na kuondoka. Piga simu, subiri, lipa. Madume mawili ya mashamba mawili yakikutana kwa tundu uliloliacha, gharama yake haitafanana na bei ya waya.

Karamoja ina sharti lake. Tangu operesheni ya jeshi ya kunyang'anya silaha, Usalama kwa Wote, ianze Julai 2021, mtu mwenye bunduki asiyejulikana huonekana kwanza kama mvamizi, hata awe na karatasi kumi. Kabla ya kuwaona wazee wa ukoo, taarifa iwe imefika kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), polisi na jeshi, ikitaja siku, njia na gari. Usitembee na silaha usiku, usiibebe kwenye bodaboda.

Kwa mwenye shamba anayesoma hapa: ruhusa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Andika kwenye barua kwamba utaiondoa kwa simu moja, na mwindaji atatoka ndani ya saa moja. Teua mtu wako mmoja afuatane nao siku zote, alipwe na mwindaji, na asiwe mbeba mizigo. Kazi yake ni kuangalia mpaka. Ukisikia risasi mbili za haraka, kisha kimya, kisha moja ya mbali baada ya nusu saa, mpigie uulize. Huenda mnyama ameanguka. Huenda amevuka.

Mhariri, tunaomba kama nafasi ipo mchapishe mfano wa barua hii kwa Kiswahili, kwa kuwa zinazozunguka huku ni za Kiingereza ambacho mwenye ardhi na mchungaji hawakielewi, na mtu hatii sahihi kwenye asichokisoma ila kwa hofu au kwa haya. Mstari wake wa mwisho uwe ni wa siku ya kuondoka: mwindaji ampigie mwenye ardhi jioni hiyohiyo aseme risasi ngapi zimelia, mnyama gani amepatikana, nani amejeruhiwa kama yupo, na kwamba watu wote wametoka na lango limefungwa.

Wasomaji wenu,
waongoza wawindaji na wenye mashamba,
Sanga, Kiruhura